Kompresa ya bendi nyingi ndani ya kinanda: namna ya kuiseti kwa taarabu kwenye nyumba ya mawe ya Lamu

Kinanda kilichosikika safi uwanjani Mkunguni kinaweza kubadilika kabisa kikiingizwa kwenye msana, chumba kirefu cha nyumba ya mawe. Besi inavuma. Tena haivumi yote: noti moja au mbili hujaa chumba kizima mpaka kifua kinatikisika, na noti za jirani zake ziko sawa. Ukishusha besi yote, chakacha inakosa nguvu. Ukiiacha, maneno ya mwimbaji yanafunikwa, na wasikilizaji wa taarabu wamekuja kusikiliza maneno. Kazi hii ndiyo inayoifaa kompresa ya bendi nyingi, yaani efekti inayobana sauti kubwa fungu kwa fungu, na vinanda vingi vya daraja la kati na la juu vinayo ndani ya efekti zake. Wengi huiwasha kwa sababu inafanya sauti ionekane kubwa, basi. Sisi tunashauri jambo moja: shika bendi inayosumbua, pale tu inaposumbua, na nyingine uziache.

Kwa nini chumba kinavuma

Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kuvuka mbali. Upana huwa kama mita 2.5 hadi 3. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, na besi ikizipiga hurudishwa karibu yote.

Pima upana wa chumba kwa futi ya kamba, kisha fanya hesabu. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 28, sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Gawa 348 kwa mara mbili ya upana; jibu ndiyo sauti itakayovuma, kwa Hz (mitetemo kwa sekunde). Msana wa mita 2.8 unakupa 348 ÷ 5.6, yaani 62 Hz hivi. Noti ya B ya chini kwenye besi ni 61.7 Hz, kwa hiyo B itavuma, na C inayofuata, ya 65.4 Hz, itavuma kidogo. Mara mbili ya 62 ni 124, na huko nako ipo B ya oktavu ya juu, 123.5 Hz. Wimbo wa E, ambao besi yake hurudi B kila baada ya muda mfupi, utakusumbua usiku kucha chumbani humo. Wimbo uleule ukipandishwa hadi G, besi inasimama zaidi kwenye G na D, na tatizo linapungua bila kugusa efekti yoyote. Mwimbaji akikubali, hiyo ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Kinachotokea ndani ya efekti

Kompresa ya kawaida hupima ukubwa wa sauti nzima kwa pamoja. Besi ikigonga kwa nguvu, inashusha kila kitu: fidla, akodiani, udi na zili (toazi) vyote vinazama kwa kuifuata besi, halafu vinaibuka tena. Ni sawa na mtu mmoja aliyeshika kitasa cha volumu, anayeteremsha wote kwa kosa la mmoja.

Kompresa ya bendi nyingi huanza kwa kuigawa sauti. Vichujio huitenga katika mafungu, mara nyingi matatu: chini, kati na juu. Kila fungu lina kompresa yake, na baada ya kazi mafungu hujumlishwa tena kuwa sauti moja. Vichujio vinavyotumika sana ni vya aina ya Linkwitz-Riley, vyenye mteremko wa desibeli 24 kwa oktavu. Kwenye mpaka, kila upande huwa umeshuka desibeli 6, na pande mbili zikijumlishwa sauti inarudi kamili. Maana yake ni kwamba mpaka si ukuta. Noti iliyo karibu na mpaka inasikika na kompresa za pande zote mbili, na hilo litakuwa na umuhimu tukifika kwenye makosa.

Skrini za vinanda huandika majina kwa Kiingereza, basi yashike mapema: Threshold ni kizingiti, Ratio ni uwiano, Attack ni muda wa kushika, Release ni muda wa kuachia, Xover ni mpaka wa bendi, na Gain ni geini, yaani ongezeko la ukubwa wa sauti.

Kizingiti ni kiwango ambacho chini yake kompresa haifanyi lolote. Uwiano unasema sauti iliyovuka ibanwe kiasi gani. Chukua kizingiti cha desibeli -20, uwiano wa 3:1, na noti inayoingia kwa -8. Imevuka kwa desibeli 12. Kompresa inairuhusu ivuke kwa theluthi tu, yaani 4. Inatoka kwa -16, imepunguzwa desibeli 8. Noti ya jirani inayoingia kwa -19 imevuka kwa 1 tu, na haitaguswa kwa kiasi cha kusikika.

Hapo kuna jambo linalowapotosha wengi. Kompresa iliyo ndani ya kinanda haisikii chumba. Inasikia umeme unaotoka kwenye sauti za kinanda peke yake. B inaweza kuvuma msanani ilhali ndani ya kinanda ina ukubwa sawa na D. Kwa hiyo kompresa haitaichagua B kwa jina. Itazuia bendi yote ya chini isipande kupita kiasi, ili noti kubwa isikiwashe chumba. Noti moja inayovuma daima hutibiwa kwa ekwalaiza, inayopandisha au kushusha sehemu moja ya sauti: punguzo jembamba la desibeli 3 hadi 5 kwenye 62 Hz. Kompresa ni ya besi inayobadilika, mara mkono umegonga kwa nguvu, mara mtindo (mdundo wa kinanda unaojipiga wenyewe) umebadilika na kiki, ngoma kubwa ya chini, imeingia. Ukizitumia zote mbili, kila moja ifanye kazi yake.

Kabla ya kuigusa kompresa

Weka spika mbali na kona. Spika iliyosukumwa kwenye pembe ya kuta mbili huongezewa besi na kuta zenyewe, na chumba chembamba kina pembe karibu kila mahali. Isogeze nusu mita kutoka ukutani kama nafasi ipo, na iangalie urefu wa chumba, si upana. Kama sherehe inafanyika kwenye kiwanda, yaani ua usioezekwa, uvumi utapungua, kwa kuwa juu ni wazi.

Zima kabisa efekti ya masta, ile inayopitiwa na sauti yote ya kinanda. Panga volumu ya kinanda kama robo tatu, kisha panga geini ya mixa mpaka taa nyekundu isiwake hata ukibonyeza kodi nzito (noti nyingi kwa pamoja) na ngoma zikiwa zinapiga. Sauti iliyokwisha kupasuka kwenye mixa haitengenezwi na kompresa yoyote.

Kinanda kikikuruhusu, kata kila kitu kilicho chini ya 40 Hz kabla ya kompresa. Spika ya inchi 12 ya kawaida haitoi sauti ya maana huko, lakini kompresa inaisikia, na itashusha besi yako nzuri kwa sababu ya mngurumo ambao hakuna mtu ukumbini anayeusikia.

Sasa tafuta noti mbaya. Chagua sauti ya gitaa la besi, zima ngoma, na upige noti moja moja kutoka chini kupanda, kwa nguvu ileile ya kidole. Mtu mwingine asimame katikati ya chumba, kisha karibu na ukuta. Katikati ya upana, mvumo wa 62 Hz karibu unatoweka. Ukutani ndiko unakojaa. Wageni wengi hukaa wameegemea kuta, kwa hiyo sikiliza kwa masikio ya aliyekaa ukutani. Andika noti zilizovuma.

Kuiseti, hatua kwa hatua

Ingiza efekti ya bendi nyingi kwenye masta, si kwenye sauti moja. Kwenye Yamaha Motif XS na MOXF inaitwa Multi Band Comp. Kwenye Korg Triton inaitwa St. Mltband Limiter, nayo ina utaratibu wake tutakaoueleza baadaye. Vinanda vya Yamaha PSR-S970 na vya daraja lake vina kompresa ya masta yenye aina zilizopangwa tayari; anza na iliyo laini kuliko zote na ushushe kiwango chake, usianze na iliyo na sauti kubwa.

Weka mpaka wa chini kwenye 150 Hz. Tuna sababu. Uzi wa chini kabisa wa fidla ni G ya 196 Hz, na melodi ya taarabu imekaa juu ya hapo. Ukiweka mpaka kwenye 250 Hz, kila besi itakapobanwa itashusha na noti nzito za fidla na akodiani. Ukiuweka kwenye 80 Hz, B ya 123 Hz itaponyoka. Mpaka wa juu uweke kwenye 4,000 au 5,000 Hz. Usiuweke kwenye 2,000, kwa kuwa ndipo palipo konsonanti za mwimbaji na makali ya fidla, na mpaka ukipita katikati yake sauti inabadilika rangi kila bendi ya juu inapobanwa.

Bendi ya kati na ya juu ziweke uwiano wa 1:1, yaani zisifanye kitu. Fanya kazi na ya chini peke yake kwanza.

Bendi ya chini: uwiano 3:1, muda wa kushika milisekunde 30, muda wa kuachia milisekunde 180, kizingiti kikiwa 0. Piga kipande kizito kuliko vyote ulivyo navyo, chenye kiki na besi pamoja, na ushushe kizingiti polepole desibeli moja moja. Ukiona mita ya upunguzaji inafika 3 au 4 kwenye mapigo makubwa na kurudi 0 kwenye mapigo ya kawaida, simama hapo. Kinanda kisichokuwa na mita hiyo, tumia masikio: shusha mpaka besi ianze kusinyaa, kisha rudisha kizingiti juu desibeli 3.

Namba za muda hazikuchaguliwa ovyo. Wimbi moja la 62 Hz linachukua milisekunde 16. Kompresa inayoshika kwa milisekunde 2 na kuachia kwa 20 itakuwa inapanda na kushuka ndani ya wimbi lenyewe, na badala ya kupunguza ukubwa itaichonga sura ya wimbi. Masikio huisikia hiyo kama besi inayokwaruza, na watu hulaumu spika. Milisekunde 30 zinaruhusu pia pigo la kwanza la kiki lipite kabla ya kushikwa, ndiyo sababu ngoma inabaki na uhai.

Muda wa kuachia ufuate mwendo wa wimbo. Gawa milisekunde 60,000 kwa mwendo: wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una milisekunde 600 kati ya pigo na pigo, wa mapigo 130 una 460 hivi. Kompresa iwe imekwisha kuachia kabla ya pigo linalofuata, na kwa kuwa besi ya chakacha huingia pia kati ya mapigo, theluthi moja ya muda huo ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ndiyo maana tulisema 180.

Bendi ya kati, kama mipangilio ya sauti zako iko sawa, iache kwenye 1:1. Ukilazimika, 1.5:1 yenye kushika kwa milisekunde 20 na kuachia kwa 150, isipunguze zaidi ya desibeli 2. Fidla ya taarabu inapanda na kushuka kwa makusudi ikimjibu mwimbaji, na kompresa ya kati iliyokazwa inaufuta mchezo huo wote.

Bendi ya juu inahitaji subira zaidi kuliko hesabu. Ukijaribu mitambo alasiri chumba kikiwa kitupu, chokaa ngumu inarudisha zili na matari mpaka masikio yanauma, na mkono utakuvuta ubane. Subiri. Wageni wakijaa na mabuibui yao, mikeka ikitandikwa, nguo na miili inanyonya sauti za juu kwa kiasi kikubwa, na besi hainyonywi kwa kadiri hiyo. Ulichokibana alasiri kitakuwa butu usiku. Weka uwiano wa 2:1, kushika milisekunde 5, kuachia 80, na kizingiti kiguse zile zili kali tu. Kushika kwa milisekunde 1 kutakata makali ya dumbaki, lile pigo la ukingoni linaloongoza wachezaji.

Mwisho rudisha geini. Kama bendi ya chini inapunguzwa desibeli 3, usikimbilie kuongeza 3. Ulipunguza kwa sababu ilikuwa nyingi. Washa na uzime efekti mara kadhaa ukilinganisha, na uhakikishe ukubwa ni uleule pande zote mbili. Sauti iliyo kubwa zaidi, hata kwa desibeli moja, hudhaniwa kuwa nzuri zaidi, na hapo ndipo hukumu nyingi hupotea. Zikiwa sawa kwa ukubwa na iliyowashwa haina faida, izime.

Utaratibu wa Korg

Efekti ya Triton ina kizingiti kimoja na uwiano mmoja kwa bendi zote tatu. Tofauti ya bendi inawekwa kwa Low Offset, Mid Offset na High Offset, na vitu hivi havibadilishi ukubwa wa sauti unayoisikia. Vinabadilisha ukubwa wa kile ambacho kompresa inakisikia katika bendi ile. Ukishusha High Offset chini sana, kompresa inadhani bendi ya juu ni ndogo, kwa hiyo haiigusi kabisa. Basi kwa kazi yetu: Low Offset iache 0, Mid Offset ishushe mpaka bendi ya kati iwe chini ya kizingiti, High Offset vivyo hivyo au iache juu kidogo. Mtu anayedhani Offset ni ekwalaiza huishusha Low ili apunguze besi, na badala yake anaifungulia mlango.

Attack na Release hapo huandikwa kwa namba za 1 hadi 100, si kwa milisekunde. Panga kwa masikio: anza na namba ndogo, sikiliza mkwaruzo kwenye besi ndefu, kisha panda mpaka uishe.

Ikiharibika

Kama zili na fidla bado zinazama kila kiki inapopiga, angalia kama umeacha efekti nyingine ya kompresa ikiwa imewashwa kwenye mtindo wa ngoma au kwenye mixa. Kompresa mbili mfululizo huchanganya watu sana.

Besi inayobadilika sauti ikipanda kutoka noti hadi noti, iliyobanwa kwenye B ya 123 na huru kwenye E ya 165, imekalia mpaka wa bendi. Pandisha mpaka huo hadi 180 Hz au uushushe hadi 110, kutegemea besi ya wimbo inakaa wapi.

Muungurumo wa umeme wa 50 Hz ukisikika kati ya nyimbo, geini ya bendi ya chini imeinua kelele iliyokuwepo tangu mwanzo. Ishushe, kisha tafuta chanzo: kinanda na mixa vichomekwe kwenye soketi moja, na waya wa sauti usilale sambamba na waya wa jenereta.

Maikrofoni ya mwimbaji ikiwa imechomekwa kwenye kinanda, angalia njia yake. Kwenye vinanda vingine sauti ya maikrofoni hupita kwenye efekti ya masta. Kila desibeli ya geini unayoiongeza inaisogeza maikrofoni desibeli moja karibu na mluzi wa spika, na chumba cha chokaa hakihitaji kusukumwa. Mpitishe mwimbaji kwenye mixa moja kwa moja.

Rivabu (efekti ya mwangwi) ikionekana kurefuka baada ya kuwasha kompresa, ni kwa sababu masta hukaa baada ya rivabu: sauti kubwa ikibanwa, mkia wake mdogo unabaki na unasikika zaidi. Punguza rivabu ya kinanda. Msana una mwangwi wake wa kutosha.

Kuhifadhi

Hifadhi mpangilio kwa amri ya kuandika kwenye kumbukumbu, kwa jina linaloeleweka, kabla ya kuzima. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, vinanda vingi hurudi kwenye mpangilio wa zamani. Tengeneza wa pili kwa ajili ya uwanjani: bendi ya chini uwiano 2:1 na kizingiti desibeli 4 juu zaidi, bila lile punguzo la ekwalaiza la 62 Hz, kwa sababu nje hakuna kuta za kuivimbisha noti.

Kizingiti ulichokiweka ni cha volumu za sauti kama zilivyokuwa siku hiyo. Ukiongeza volumu ya besi kwenye mtindo, au ukibadilisha sauti ya gitaa la besi kwa nyingine iliyo kubwa zaidi, kompresa itabana zaidi hata kama hujaigusa. Rudia hatua ya kizingiti. Kitasa cha volumu kuu, kwenye vinanda vingi, hukaa baada ya efekti, kwa hiyo hicho unaweza kukipandisha na kukishusha usiku wote na kompresa isibadilike.